Kutoka Mtunya hadi Jokofu: Homoni za Wanawake katika Bonde la Kintinku

Mwaka 1905 Wajerumani walianza kutandika reli kutoka Dar es Salaam kwenda bara. Mwezi Juni mwaka huohuo, huko London, mtaalamu wa fiziolojia aitwaye Ernest Starling alisimama mbele ya madaktari wenzake akalitumia hadharani kwa mara ya kwanza neno "homoni". Alikuwa akitaja vitu ambavyo kiungo kimoja hutengeneza na kuviachia ndani ya damu ili vikakiamrishe kiungo kingine kilicho mbali. Reli ilifika Morogoro 1907, Dodoma 1910 na Tabora 1912. Kati ya Dodoma na Tabora iliteremka kwenye mbuga za Bahi, ikapita Kintinku, kisha ikapanda ukingo wa Bonde la Ufa kwa njia ya Saranda. Kilimatinde, penye boma la Kijerumani juu ya ukingo, pakaachwa kando, na Manyoni ikakua mahali pake.

Wajenzi wa reli hawakumjua Starling, wala Starling hakuijua Kintinku. Hata hivyo, karne iliyofuata mambo hayo mawili yalikutana ndani ya miili ya wanawake wa bonde hili. Nalisema hilo mapema kwa sababu siku hizi homoni zimegeuzwa kuwa siri ya mwanamke na hulka zake. Akikasirika, homoni. Asiposhika mimba, homoni zimevurugika, na mnadani utamkuta mtu ana chupa ya dawa ya kuziweka sawa. Muuzaji hasemi ni homoni ipi, inatoka tezi gani, wala imevurugwa na nini. Ukiifuata historia ya Ugogo, nchi ya Wagogo lilimo bonde hili, utaona kwamba mara nyingi kilichovuruga kilitoka nje ya mwili: vita, njaa, umbali na joto.

Tuanze na kazi yenyewe. Chini ya ubongo kuna sehemu iitwayo haipothalamasi, na chini yake inaning'inia tezi ya pituitari, ndogo kama punje ya njegere. Katika mwanamke aliyevunja ungo, haipothalamasi hutoa homoni kwa mapigo, takriban kila saa moja au moja na nusu katika nusu ya kwanza ya mzunguko. Pituitari ikipokea mapigo hayo hutoa homoni mbili zake, nazo husafiri kwa damu hadi kwenye ovari. Huko yai hukomaa na estrojeni hupanda, na ukuta wa mji wa mimba huanza kunenepa. Estrojeni ikifika kilele, pituitari hutoa wimbi kubwa na yai hutoka. Kifuko kilichobaki hutoa projesteroni ya kuutuliza na kuuandaa mji wa mimba. Mimba isipotunga, homoni hizo hushuka, ukuta unabomoka, na mwanamke anaingia hedhini. Damu hubeba homoni zote hizi kila mahali, lakini kila moja hufanya kazi pale tu penye kipokeo chake, kama shehena ya treni ya mizigo inavyopita stesheni zote ikashushwa pale tu ilipoandikiwa.

Mpangilio huo una sharti moja kubwa: ubongo lazima uridhike kwamba mwili una akiba. Hapo ndipo historia ya Ugogo inapoingia.

Vita Kuu ya Kwanza ilipofika, jeshi la Wajerumani lilichukua ng'ombe, nafaka na vijana wa kubeba mizigo kutoka vijiji vya Ugogo. Mwishoni mwa Julai 1916 Waingereza waliingia Dodoma, nao wakachukua vilevile. Maghala yalikuwa yameshafagiliwa mvua zilipokosekana. Wagogo waliita njaa iliyofuata Mtunya, na jina hilo wazee walilitaja kwa miongo mingi baadaye kama alama ya kuhesabia umri. Mwanahistoria Gregory Maddox, aliyechapisha utafiti wake juu ya njaa hiyo mwaka 1990, anaiweka kati ya 1917 na 1920. Waliokufa katika Ugogo wanakadiriwa kufikia watu 30,000. Homa kali ya mafua iliyozunguka dunia mwaka 1918 ikawakuta watu wakiwa tayari wamekwisha.

Mwanamke anayeishi kwa mizizi ya porini na ngozi za kuchemsha hupoteza mafuta ya mwili, na pamoja nayo hupungua homoni iitwayo leptini, ambayo hutolewa na seli za mafuta na kuupasha ubongo habari za akiba. Leptini iligunduliwa 1994 tu, katika maabara ya Jeffrey Friedman huko New York. Ikishuka, yale mapigo ya haipothalamasi hupungua kasi, pengine hukoma. Pituitari inanyamaza na ovari zinasinzia, na hedhi haiji. Mwili unakuwa umeahirisha uzazi hadi chakula kirudi, na kwa kweli ni uamuzi wa busara, maana kubeba mimba katika hali hiyo kungeua wawili.

Haya yaliandikwa kwa makini zaidi Ulaya, katika njaa iliyoikumba Uholanzi majira ya baridi ya 1944 hadi 1945, ambako hospitali na vitabu vya usajili viliendelea kufanya kazi. Takriban nusu ya wanawake wa miji iliyozingirwa waliacha kupata hedhi, na miezi tisa baada ya kilele cha njaa watoto waliozaliwa walipungua kwa karibu nusu. Chakula kiliporudi, miezi michache baadaye hedhi nazo zilirudi. Mwili wa Mholanzi na wa Mgogo haujengwi kwa kanuni mbili.

Tofauti ni kwamba njaa ya Uholanzi ilikwisha mara moja, ilhali Ugogo njaa zilirudi tena na tena, miaka ya 1940 na tena ya 1950. Na katika jamii zetu, ndoa ikikaa bila mtoto, wa kwanza kuulizwa ni mke. Sijui ni wangapi waliorudishwa kwao, au kuongezewa mke mwenza, kwa kosa la mvua kutonyesha.

Kuna jambo jingine ambalo bibi wa Kigogo alilifahamu bila maabara: mtoto akinyonya mchana na usiku, mimba huchelewa. Kila anaponyonya, pituitari hutoa prolaktini, inayotengeneza maziwa, na yale mapigo ya ubongo hupunguzwa. Mwaka 1988 wataalamu waliokutana Bellagio, Italia, walikubaliana masharti yake: mtoto awe hajatimiza miezi 6, anyonye maziwa ya mama pekee, na hedhi iwe haijarudi. Yakitimia yote matatu, kinga huzidi asilimia 98. Likikosekana hata moja, usitegemee. Shoga zangu wengi hulisahau sharti la pili siku mtoto anapoonjeshwa uji akiwa na miezi mitatu.

Sasa turudi kwenye pituitari, maana humo mna homoni ambayo kwa Kintinku ni suala la kufa na kupona. Mwaka 1906 Mwingereza Henry Dale alichukua maji ya tezi ya pituitari ya ng'ombe akaona yanaufanya mji wa mimba wa paka ubane. Miaka mitatu baadaye William Blair-Bell wa Liverpool aliwaeleza madaktari alivyoyatumia kwa wazazi waliokuwa wakivuja damu. Homoni yenyewe ni oksitosini. Hutolewa wakati wa uchungu, hutolewa tena mtoto anapowekwa titini, na kazi yake baada ya kondo la nyuma kutoka ni kuufanya mji wa mimba ukaze kama ngumi ili mishipa iliyoachwa wazi ibanwe. Usipokaza, mwanamke mwenye afya njema anaweza kumaliza damu ndani ya saa mbili au chini ya hapo. Ndiyo maana mkunga mzuri, wa jadi au wa chuo, haondoi mkono tumboni mwa mzazi mapema.

Mwaka 1953 Vincent du Vigneaud, huko New York, alionyesha kwamba oksitosini ni mnyororo wa asidi amino tisa tu, akaitengeneza mwenyewe maabarani bila kuhitaji tezi ya mnyama. Miaka miwili baadaye alipewa Tuzo ya Nobel ya kemia. Tangu hapo dawa ikawa ya kuaminika na ya bei nafuu.

Afrika ilikuwa na njia zake. Katika miaka ya 1960 daktari wa Kinorwe, Lorents Gran, akitumikia Msalaba Mwekundu huko Luluabourg, Kongo, mji ambao sasa ni Kananga, aliona wajawazito wakinywa maji ya majani yanayoitwa kalata-kalata ili kuharakisha uchungu. Alibeba mmea huo hadi Norwe, na ndani yake akapata peptidi inayoubana mji wa mimba. Ilikuwa imara hata ikachemshwa kwenye chungu bila kuharibika, sifa ambayo oksitosini haina. Wanakemia waliochunguza umbo lake walikuta mnyororo uliofungwa kama pete, na leo jamii nzima ya peptidi za namna hiyo inatafitiwa duniani. Lakini tusilewe sifa za mitishamba. Gran mwenyewe aliona uchungu uliozidi nguvu. Dawa inayobana bila kipimo inaweza kuupasua mji wa mimba na kumnyima mtoto hewa, na mzazi aliyekunywa kikombe nyumbani asipomwambia muuguzi, akachomwa na sindano juu yake, hatari huwa maradufu.

Kwa wanawake wa Kintinku, kwa miongo mingi, hospitali ilikuwa juu mlimani Kilimatinde, hospitali ya Mtakatifu Yohana ya Kanisa Anglikana. Mtu mzima anaupanda ukingo ule kwa jasho, sembuse mzazi anayevuja damu. Baada ya Azimio la Arusha la 1967 serikali ilielekeza nguvu vijijini kwenye zahanati na vituo vya afya, na mwaka 1974 huduma za mama na mtoto, uzazi wa mpango ukiwemo, zikaunganishwa katika kliniki za umma. Kabla ya hapo uzazi wa mpango ulikuwa kazi ya UMATI, chama kilichoanza 1959 Dar es Salaam.

Homoni za uzazi wa mpango nazo zina safari yao. Mwanzoni mwa miaka ya 1940 mkemia Mmarekani Russell Marker aligundua kwamba kiazi cha porini cha Mexico kinaweza kugeuzwa kuwa projesteroni. Kutoka hapo vidonge vilitengenezwa, vikajaribiwa kwa wanawake wa Puerto Rico kuanzia 1956 kwa dozi kubwa mno, na malalamiko yao ya kichefuchefu na kizunguzungu yakapuuzwa na wakubwa wa utafiti. Marekani iliruhusu vidonge hivyo kwa kuzuia mimba mwaka 1960. Wanawake wetu wanaposema vidonge vya majira vinawachafua tumbo, wanalalamikia jambo lililosemwa tangu siku ya kwanza. Vidonge vya leo vina sehemu ndogo tu ya dozi ile.

Sindano ya miezi mitatu ni projesteroni ya kiwandani. Inauzuia ubongo kutoa wimbi linalotoa yai, na kuufanya ute wa mlango wa kizazi kuwa mzito. Damu inaweza kuja ovyo miezi ya mwanzo, kisha ikakatika. Hapo huzuka uvumi kwamba damu inajikusanya ndani na kugeuka uvimbe. Hakuna damu inayojikusanya, kwa kuwa ukuta wa mji wa mimba haukunenepa na hakuna cha kubomoka. Lililo kweli ni kwamba baada ya kuacha sindano uwezo wa kushika mimba huchelewa kurudi kwa miezi kadhaa, na mwanamke anastahili kuambiwa hivyo kabla hajachomwa. Kijiti cha mkononi hakina ucheleweshaji huo, labda ndiyo sababu mojawapo kimekuwa njia ya kisasa inayotumika zaidi nchini.

Kuna kisa cha redio nisichoweza kukipita. Julai 1993 Redio Tanzania ilianza mchezo uitwao Twende na Wakati, wenye dereva wa lori Mkwaju na tamaa zake za barabarani, ukiwa na ujumbe wa uzazi wa mpango na UKIMWI. Ulirushwa karibu nchi nzima isipokuwa eneo la kituo cha Dodoma, jirani kabisa wa Kintinku. Haikuwa hitilafu ya mitambo. Watafiti walitaka mahali pa kulinganisha, kwa hiyo wasikilizaji wa Dodoma walipewa vipindi vingine hadi 1995. Matokeo yaliyochapishwa 1999 yalionyesha kwamba matumizi ya uzazi wa mpango yalipanda kulikosikika mchezo, yakasimama Dodoma, kisha yakapanda Dodoma nako mchezo ulipofunguliwa. Kisayansi ni kazi safi. Kwa mama aliyebeba mimba asiyoitaka katika miaka ile miwili, sina hakika angeusifu utafiti huo.

Chumvi nayo ina neno lake hapa. Ugogo ilijulikana kwa biashara ya chumvi ya kuchotwa kwenye mbuga tangu enzi za misafara. Tezi ya shingoni, thairoidi, hutengeneza homoni yake kwa madini joto, na chumvi ya asili isiyotiwa kitu huwa nayo kidogo sana. Mjamzito huhitaji zaidi, kwa kuwa ubongo wa mtoto hutegemea homoni ya mama miezi ya mwanzo. Katikati ya miaka ya 1980 Tanzania iligawa vidonge vya mafuta yenye madini joto katika wilaya zilizojaa rovu, na miaka ya 1990 kanuni zikataka chumvi ya kula itiwe madini hayo. Chumvi ya mbugani bado inapendwa kwa bei yake.

Narudi kwenye oksitosini, maana kisa chake hakijaisha. Dawa hiyo inatakiwa kukaa kwenye nyuzijoto 2 hadi 8. Kintinku iko chini bondeni, na joto la Oktoba hapo halihitaji maelezo kwa aliyewahi kushuka basi la Dodoma–Singida saa nane mchana. Chupa inayotoka kiwandani ng'ambo, ikapitia Bohari ya Dawa, ikapakiwa gari hadi wilayani na tena hadi kituoni, ina nafasi nyingi za kupata joto. Ikiharibika haibadiliki rangi. Muuguzi anachoma, anasubiri, damu haikati, anachoma tena. Katika taarifa ya kifo huandikwa kutokwa damu nyingi, jokofu halitajwi. Kwa hiyo umeme wa Wakala wa Nishati Vijijini (REA) uliosambaa vijijini, na majokofu ya sola kwenye zahanati, vihesabiwe miongoni mwa dawa za wazazi.

Mwaka 2018 utafiti wa Shirika la Afya Duniani katika nchi 10, zikiwemo Kenya na Uganda, uliwahusisha wanawake karibu 30,000. Ulionyesha kwamba kabetosini isiyoharibiwa na joto, ambayo ni ndugu wa oksitosini, huzuia kuvuja damu baada ya kujifungua sawa na oksitosini iliyotunzwa vizuri. Mwaka 2023 utafiti mwingine, uliofanyika Kenya, Nigeria, Afrika Kusini na Tanzania, ulitumia kikingio cha plastiki chenye alama za vipimo kinachowekwa chini ya mzazi, ili damu ipimwe badala ya kukadiriwa kwa macho, na matibabu yote yatolewe kwa pamoja mara kikomo kinapofikiwa. Visa vikubwa vya kuvuja damu vilipungua kwa asilimia 60. Jicho la muuguzi aliyechoka usiku wa manane huona damu kidogo kuliko iliyomwagika.

Takwimu za kitaifa zinatia moyo. Utafiti wa afya wa 2015/16 ulikadiria vifo 556 vya wazazi kwa kila vizazi hai 100,000. Ule wa 2022 ulikadiria 104. Usafiri umechangia. Mfumo wa m-mama, unaopigiwa namba 115 bila malipo, huita gari la wagonjwa, na lisipokuwepo humtuma dereva wa kawaida aliyesajiliwa. Kwa kituo cha afya kilicho chini ya mlima, hospitali ikiwa juu, hilo si jambo dogo.

Waliosahauliwa ni wenye umri. Kliniki zetu zimejengwa kwa ajili ya mwanamke anayezaa. Akifika miaka ya hamsini, ovari zinapoacha kutoa estrojeni, anapata joto la ghafla usiku, uke unakauka na mifupa inaanza kupungua uzito, na hakuna siku ya kliniki iliyoandikwa jina lake ukutani. Wengi huchukulia kuwa ni malaria, au ni uzee tu. Estrojeni za hospitali zipo na huwasaidia baadhi yao, kwa uangalizi wa daktari, kwa kuwa mwenye mji wa mimba akipewa estrojeni pekee bila projesteroni huongezewa hatari ya saratani ya ukuta wake.

Kwa hiyo mama, au bibi, ukiwa umekaa mwaka mzima bila hedhi kisha ukaona damu, hata tone, hiyo si hedhi iliyorudi wala ujana; huenda ikawa dalili ya saratani hiyo. Usiende kwa muuza chupa mnadani. Nenda Manyoni au Kilimatinde, mweleze daktari waziwazi, na usikubali kurudishwa nyumbani bila kupimwa.